Sanduku la Kutu

Kila Jumanne jioni, saa moja na nusu, hakuna aliyeruhusiwa kugusa rimoti nyumbani kwa akina Miradie. Hata mama yake, Anne-Marie, aliyekuwa akirudi kutoka kuwahudumia wazee huku miguu imemvimba na hamu ya tamthilia yake imemjaa, alijua kuwa Jumanne haikuwa siku yake. Alichukua sahani yake ya wali na maharage, akaketi pembeni na kusema, "Haya, leteni vyuma vyenu."

Kipindi chenyewe kilikuwa cha Waingereza wawili, mmoja mrefu mwenye maneno mengi, mwingine mfupi mwenye mikono michafu. Kila wiki walinunua gari la zamani lililokuwa limechakaa, wakalitengeneza, wakalipaka rangi, wakaliuza kwa faida. Yote hayo kwa saa moja, na matangazo ya biashara humo humo. Miradie, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alikipenda kipindi hicho kuliko sikukuu ya kuzaliwa kwake.

Baba yake, Telesphor, alikipenda pia, lakini alikuwa akibishana nacho kama mtu anavyobishana na shemeji yake.

"Ee, na kile chuma cha chini umekichomelea saa ngapi?" aliiuliza televisheni. "Gari lilikuwa limeoza, sasa hivi linang'aa. Nani amefanya kazi?"

"Wamefanya wakati wa matangazo, Papa," Miradie alijibu kwa Kiingereza.

Ndivyo walivyozungumza siku zote. Baba alisema Kiswahili cha Bukavu, binti akajibu kwa Kiingereza cha Thamesmead, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Miradie alielewa kila neno la Kiswahili, ila ulimi wake ulikuwa mvivu. Telesphor hakumgombeza. Alikuwa akisema tu kwamba siku atakapokuwa na jambo zito la kusema, Kiswahili kitamjia chenyewe.

Kule Bukavu, Telesphor alikuwa fundi wa magari kwa miaka kumi na minne, mpaka vita vilipowafukuza. London ilimpa kazi ya kusafisha mabasi. Alifagia karatasi, akakwangua bazoka zilizotafunwa chini ya viti, akarudi nyumbani usiku Miradie akiwa amelala. Jumanne peke yake ndiyo siku aliyokuwa na mapumziko jioni. Lakini chini ya ghorofa yao kulikuwa na safu ya gereji za wapangaji, na ndani ya mojawapo, mwaka huo wa 2003, kulikuwa na ndoto yake yenye magurudumu manne.

Ilikuwa Peugeot 404, aina ya gari ambalo zamani lilibeba wachuuzi, mapadri, maharusi na magunia ya viazi kutoka Mombasa hadi Kongo. Telesphor alilipata kwa mjane mmoja huko Erith, likiwa limefunikwa turubai huku upupu wa Kizungu umeota hadi kwenye taa. Mvua na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi vilikuwa vimelila pole pole. Kwa miezi minane Telesphor alikata kutu, akachomelea chuma kipya, na Miradie alikuwa msaidizi wake. Alijua kushika tochi, kupiga msasa na kuchanganya puti, ule uji mzito ambao mafundi hupaka ili kulainisha bodi kabla ya rangi.

"Puti ni poda ya usoni," Telesphor alimfundisha. "Unapaka kidogo, juu ya ngozi nzima. Hupaki poda juu ya kidonda."

Pembeni mwa gereji kulikuwa na sanduku kubwa la mbao. Kila kipande kibovu alichokata, Telesphor alikitia humo, na Miradie alikiandika kwa chaki: sakafu ya dereva, mlango wa nyuma, kizingiti cha kushoto. Hiyo ilikuwa desturi ambayo Telesphor aliirithi kwa bwana wake wa ufundi kule Bukavu. Fundi akimaliza kazi, humrudishia mwenye gari vyuma vyake vibovu, aone kwa macho yake kuwa vilitolewa kweli. Asiyerudisha chuma kibovu, watu walisema, huenda amekiacha mahali pake na kukivisha nguo mpya.

Mnunuzi alijitokeza mwezi wa Oktoba. Aliitwa Hemal, mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la vifaa vya nyumbani huko Kenton. Alisema kwenye simu kwamba angekuja Jumamosi pamoja na mama yake. Siku hiyo hiyo ya simu Telesphor alipata habari nyingine: kulikuwa na chumba cha karakana kinachopangishwa Plumstead, na mwenye nacho alikubali kumwekea mpaka mwisho wa mwezi. Gari likiuzwa, angekipanga. Angeacha mabasi. Angefanya kazi mchana kama binadamu wengine.

"Na jioni utakuwa nyumbani?" Miradie aliuliza.

"Kila jioni. Mpaka unichoke."

Usiku ule Miradie alihesabu siku kwa vidole kitandani.

Alhamisi ya wiki hiyo shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Kabla ya kwenda kazini, Telesphor alimshusha Miradie gereji, akamwonyesha kizingiti cha kulia, yaani chuma kirefu kinachopita chini ya milango ya upande huo.

"Hiki ndicho kimebaki," alisema. "Piga msasa mpaka chuma king'ae. Ukikuta shimo, hata kama punje ya mtama, acha hapo hapo uniambie. Kinabeba gari zima hiki. Jeki inakaa hapa."

Miradie alivaa kitambaa cha pua, akaanza. Rangi ya zamani ilitoka vizuri. Alipofika katikati, karibu na mahali pa jeki, msasa ulizama. Alibonyeza kwa kidole. Chuma kilimeguka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, na shimo likabaki, pana kiasi cha kuingiza vidole vitatu.

Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mashine ya kuchomelea haikuwepo tena. Ilikuwa ya Gires, rafiki wa baba yake, ambaye alikuwa ameirudisha kwake Birmingham na angeihitaji kwa wiki tatu. Kumwambia baba maana yake ilikuwa Jumamosi ife, na karakana ya Plumstead ife nayo. Akaukumbuka mlango wa gari alilolitazama Jumanne. Yule mfupi alipaka puti, akasugua, matangazo yakaja, na yaliporudi gari lilikuwa linameta. Hakuna aliyekufa, alijiambia.

Kwenye benchi kulikuwa na gazeti la bure ambalo Telesphor aliliokota ndani ya basi. Miradie alilikunja, akalisokomeza ndani ya shimo mpaka likajaa. Akachanganya puti, akapaka, akangoja, akapiga msasa. Mikono yake ilikuwa myepesi, maana alifundishwa na fundi. Alipomaliza, kizingiti kilikuwa kimenyooka kuliko kile cha kushoto. Huo ndio ubaya wa puti, inapendeza.

Telesphor alirudi amechoka, akapita gereji kabla ya kupanda nyumbani. Miradie, aliyekataa kulala usiku huo mpaka amsikie, alishuka kumlaki. Baba yake alipitisha kiganja juu ya kizingiti.

"Ulikuta shimo?"

"No," alisema Miradie.

"Hata dogo?"

"No, Papa."

Telesphor alitabasamu kwa uso uliochoka, akamshika bega. "Mutoto wa fundi huyu," alisema. Angempiga kofi lisingemuuma hivyo. Ijumaa asubuhi Telesphor akapaka rangi, samawati iliyokoza, na Miradie hakula chakula cha mchana.

Jumamosi ilikuja na kibaridi chake. Hemal alikuwa mwanamume mnene mwenye haraka na simu mbili. Mama yake, Lila, alikuwa bibi mfupi aliyevaa sari, koti zito la kiume na raba nyeupe. Alipoliona gari alisimama. Aliweka mkono juu ya boneti, akaufuta ukungu taratibu.

"Mume wangu alikuwa na kama hii," alisema kwa Kiswahili cha Kisumu. "Siku tuliyoondoka, aliiosha. Nikamwambia, tunaiacha, unaoshea nani? Akasema, siwezi kuiacha chafu."

"Pole, Mama," alisema Telesphor.

"Ni zamani. Sasa fundi, nionyeshe kazi. Pole utaniambia baadaye."

Telesphor alikokota sanduku la mbao mpaka miguuni pake. Lila alivaa miwani, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

"Hemal, tazama. Ameweka vyuma vibovu."

"Naona, Ba," alijibu Hemal, maana hivyo ndivyo alivyomwita mama yake. "Ni takataka."

"Takataka ni simu zako. Sisi dukani kwetu tulikuwa tunauza spea. Mtu akitaka mpya, alete ile mbovu mkononi tuione. Mdomo unaweza kukosea." Alitoa kipande kimoja kimoja, akisoma chaki. "Sakafu ya dereva. Mlango. Nani ameandika vizuri hivi?"

"Binti yangu, huyu hapa."

Lila alimtazama Miradie juu ya miwani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akarudi sandukuni, akachakura mpaka chini. "Kizingiti cha kushoto nimekiona. Cha kulia kiko wapi?"

"Cha kulia kilikuwa kizima, Mama," alisema Telesphor bila kusita. "Nakuhakikishia."

 Uongo wa Miradie haukuwa wake tena. Ulikuwa umehamia kwenye mdomo wa baba yake, na baba yake alikuwa anausema kwa moyo mweupe, bila hata kujua.

"Ajabu," alisema Lila. "Kutu kwa kawaida haichagui upande. Basi niinulie huo upande wa kulia, nione chini. Mimi ndiye nitakayekaa hapo."

Telesphor aliiweka jeki mahali pake. Akazungusha mpini, na gari likaanza kuinuka. Hemal alikuwa kwenye simu, akiongea kwa sauti kuhusu misumari. Ndiyo maana hakuna aliyesikia mlio mdogo uliotoka kwenye kizingiti, kama wa ganda la yai. Miradie aliusikia, kwa kuwa alikuwa akiusubiri tangu Alhamisi. Aliona rangi mpya ikipata ufa mwembamba, juu kidogo ya jeki.

Telesphor hakuuona. Alikuwa mtu wa tahadhari, hakuwahi kulala chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Kila mara alisukuma kwanza gogo nene chini yake. Sasa alishika gogo lile, akalala chali juu ya saruji, akaanza kuliingiza. Mkono ukaingia chini ya gari. Kisha bega.

"Papa, toka!"

Haikuwa sauti kubwa, lakini ilikuwa Kiswahili, na Telesphor akatulia.

"Toka, Papa. Usiweke mkono huko. Chuma kimeoza. Nilikuta shimo, nikalificha. Nimejaza gazeti."

Telesphor alijivuta nje. Hakumtazama mtu. Alizungusha mpini kinyume, pole pole, mpaka gari likakaa chini kwa matairi yake yote, kisha akachukua bisibisi na kugusa ule ufa. Puti ilibanduka kipande kizima kama kigae, na nyuma yake likachungulia gazeti.

Hemal alizima simu. 

Telesphor alisimama, akajifuta mikono, na aliyemgeukia kwanza alikuwa Lila. "Mama, nimekuambia uongo. Sikujua, lakini umetoka kinywani mwangu. Fundi hapaki rangi juu ya chuma ambacho hakukigonga. Nilichoka, nikapapasa tu. Kosa la kwanza ni langu. Gari hili leo haliuzwi."

Miradie alianza kulia. Alitamani baba yake amfokee. Lile neno "langu" lilimwadhibu zaidi.

Lila aliinama kwa shida, akalivuta gazeti kutoka shimoni na kulikunjua. Ulikuwa ukurasa wa ratiba ya televisheni.

"Wazee walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Lakini hawakusema tuzibe kwa gazeti." Kisha akauliza kwa upole, "Kwa nini, mtoto?"

Miradie alijibu kwa Kiswahili kilichokatika katika, akitafuta maneno. Alieleza habari ya Plumstead, mashine ya Gires na mabasi. "Papa anarudi nimelala," alisema. "Nilitaka awe nyumbani jioni. Jumanne peke yake haitoshi."

Telesphor aliinama, akaitoa jeki chini ya gari.

"Ba, twende," alisema Hemal. "Kuna gari zingine mingi."

"Ziko. Na gazeti la kila moja nani atanionyesha?" Lila alimgeukia Telesphor. "Unahitaji siku ngapi, fundi?"

"Wiki tatu, Mama. Mpaka mashine irudi. Lakini sikuzuii, kanunue kwingine."

"Nimengoja gari hii tangu Kisumu. Wiki tatu ni kitu gani?"

Walipoondoka, Telesphor aliketi juu ya ndoo na kumwita binti yake. Alimketisha karibu naye. "Nimekukasirikia," alisema. "Lazima ujue. Lakini ulisema kabla sijaumia, na ulisema mbele ya watu, na hilo ni gumu kwa mtu mzima, sembuse mtoto. Sasa utanisaidia kurekebisha."

Karakana ya Plumstead ilipangwa na mtu mwingine. Hilo halikurekebishika, na Miradie alilibeba moyoni. Lakini kila siku baada ya shule alishuka gereji. Kabla ya zamu yake ya jioni, Telesphor aligonga gari zima kwa nyundo ndogo, paneli baada ya paneli, na Miradie akasikiliza kwa sikio lililobanwa kwenye bodi. Chuma kizima kililia kama kengele ya baiskeli, puti nzito ilikuwa bubu kama meza. Hawakukuta pengine palipooza. Mashine ilipofika, Telesphor alikata kizingiti chote cha kulia na kuchomelea kipya. Miradie akakitia kile kibovu sandukuni, akaandika kwa chaki: kizingiti cha kulia. Kisha, bila kuambiwa, akachukua lile gazeti, akalifunga kwa uzi kwenye kipande hicho.

Lila na Hemal walirudi Jumamosi ya tatu. Bibi alifungua sanduku kabla hata ya salamu kwisha. Alipokiona kizingiti kikiwa na gazeti lake, alicheka mpaka miwani ikamteleza. Gari liliinuliwa upande wa kulia, gogo likaingia, Lila akachungulia, Hemal naye akapiga magoti na suruali yake nzuri.

"Mtoto," alisema Lila alipokwisha kuketi kwenye kiti cha nyuma, "njoo nikwambie kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hata gari lina maradhi. Ulificha kwa sababu unampenda baba yako, nami naelewa. Lakini ulichokificha kilitaka kumwangukia yeye yeye. Kumpenda mtu ni kumwambia shimo liko wapi, hata kama itawagharimu kitu mnachokitaka."

"Ndiyo, Mama Lila," alisema Miradie. "Nimeelewa."

"Hemal, weka hilo sanduku kwenye buti. Watu wa Kenton wakiniuliza nani ametengeneza, nitawaonyesha."

Na aliwaonyesha kweli. Kabla ya Krismasi, wazee wawili wenye magari ya zamani walimpigia simu Telesphor. Kufikia kiangazi alikuwa na karakana ndogo huko Woolwich, nyuma ya soko, isiyo na dirisha lakini yenye mlango mpana, na mabasi akawaachia wengine.

Jumanne moja ya kiangazi hicho, wote watatu walikuwa mbele ya televisheni. Yule Mwingereza mrefu alilipigapiga gari jekundu lililokuwa linameta, akatangaza kuwa limekamilika. Telesphor alifungua mdomo ili kubishana kama kawaida yake, lakini Miradie alimtangulia.

"Papa," aliuliza kwa Kiswahili, macho yakiwa kwenye skrini, "sanduku lao liko wapi?"